Safari ya Kwanza ya Nje Ukiwa Peke Yako: Karatasi, Forodha na Amana za Watu

 

Visiwani kwetu, mtu akisafiri nje kwa mara ya kwanza mtaa mzima hujua. Usiku wa mwisho nyumba hujaa watu. Bibi wa nyumba ya pili analeta kikapu cha halua ya Wete apelekewe mwanawe aliyeko Seeb. Rafiki wa kaka analeta chupa ya unga wa mizizi, "dawa ya tumbo tu hiyo." Anakuja na mtu ambaye msafiri hamjui vizuri, ana bahasha iliyobandikwa gundi, anasema atakuja kuipokea mtu uwanja wa ndege kule. Kijana anaona haya kukataa. Asubuhi anapanda ndege na begi ambalo nusu ya vilivyomo havijui.

Tunaandika makala hii kwa ajili ya kijana huyo na wazee wake. Mambo ni mengi, lakini yote yanarudi kwenye jambo moja: anayesafiri peke yake ndiye anayejibu kwa kila kilichoandikwa kwa jina lake na kila kilichomo begini mwake. Hapatakuwa na baba wala kaka wa kumjibia. Kwa Muislamu karatasi iliyotiwa saini ni ushahidi, na mzigo uliopokewa ni amana, na vyote viwili ataulizwa hapa duniani na kesho Akhera.

Ili maelezo yasitawanyike, tutachukua mfano mmoja unaojulikana na familia nyingi: kijana wa kiume wa Chake Chake anayekwenda Muscat kwa wiki tatu kumtembelea ami yake. Anayekwenda nchi nyengine atakuta mambo mengi yanafanana, lakini masharti ya nchi yake ayaulize mapema.

Je, inafaa kusafiri peke yako?

Zimepokewa Hadiyth zinazotahadharisha msafiri kwenda peke yake. Katika Swahiyh al-Bukhaariy imo Hadiyth ya Ibn 'Umar (Radhwiya Allaahu 'anhumaa) kwamba lau watu wangejua madhara ya upweke wa safari, hakuna mpandaji ambaye angekwenda usiku peke yake. Wanazuoni wengi wameeleza kuwa makatazo hayo ni ya karaha, na sababu yake ni hatari ya njia: mtu akiugua, akivamiwa au akifa jangwani, hana wa kumsaidia wala wa kupeleka habari. Anayepanda ndege yenye abiria wengi na kupokewa na ami yake hayuko katika upweke ule. Hata hivyo mafunzo yanabaki: usisafiri bila ya watu kujua ulipo, na ukipata mwenzako wa kheri wa safari moja, mfuate.

Kwa mwanamke suala ni zito zaidi. Imo katika Swahiyh mbili Hadiyth ya Ibn 'Abbaas (Radhwiya Allaahu 'anhumaa) inayomkataza mwanamke kusafiri bila ya mahram, na bwana mmoja aliyekuwa ameshaandikwa kwenda vitani aliamrishwa aende akahiji na mkewe. Jamhuri ya wanazuoni wameshika makatazo hayo. Wako fuqahaa wa madhehebu ya Shaafi'iy waliomruhusu kufuatana na wanawake waaminifu katika Hijja ya faradhi, na wako wanazuoni wa zama hizi waliozungumzia safari ya ndege yenye amani. Familia yenye binti isichukue jibu la jumla kwenye makala. Impelekee sheikh wao hali kamili: anakwenda wapi, kwa nani, kufanya nini na atalala wapi. Na ikiwa safari yenyewe ni ya kazi za majumbani kupitia dalali asiyejulikana, basi amani ambayo ndiyo msingi wa ruhusa yoyote haipo.

Kabla ya karatasi za serikali

Karatasi ya kwanza ya msafiri haipigwi muhuri na afisi yoyote. Nayo ni wasia. Katika Hadiyth ya Ibn 'Umar, Muislamu mwenye kitu cha kuusia hatakiwi zipite siku mbili bila ya wasia wake kuandikwa. Kijana wa miaka 22 anaweza kuona hana cha kuusia. Lakini ana simu aliyonunua kwa mkopo, ana shilingi 60,000 za mtu, ana baiskeli ya rafiki yake iliyoko kwao. Aandike: nani anamdai, nani anadaiwa naye, kipi si chake. Deni lililofika muda wake alilipe kabla hajaondoka, au amuombe mwenyewe amstahamilie. Karatasi hiyo aiache kwa baba au mama.

Awaombe radhi wazazi na apate ridhaa yao. Aswali rakaa mbili za istikhaara ikiwa bado moyo unasita. Kisha ndiyo aende kwa sheha.

Pasipoti: jina lako liwe moja

Tangu mwaka 2018 Tanzania inatoa pasipoti ya kielektroniki. Ya kawaida inadumu miaka 10. Maombi hujazwa kwenye mtandao wa Idara ya Uhamiaji, malipo hufanywa kwa namba maalumu inayotolewa na mtandao huo, kisha mwombaji hufika mwenyewe afisi ya Uhamiaji, Unguja au Pemba, akachukuliwa picha na alama za vidole. Malipo yoyote yaendane na namba hiyo na risiti iwepo. Anayekuomba fedha mkononi "ili ipite haraka" anakuingiza katika rushwa, na mtoaji na mpokeaji wote wamelaaniwa katika Hadiyth.

Vinavyotakiwa kwa kawaida ni cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha Taifa (NIDA), na cheti cha kuzaliwa cha mzazi au kiapo badala yake. Kwetu huku uwe nacho pia kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, na barua ya sheha pale inapohitajika.

Kinachowachelewesha wengi si fomu. Ni jina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Khamis, cha skuli kinasema Hamisi, NIDA imeandika Hamis. Au cheti kina jina la baba na babu, na kitambulisho kina jina la ukoo badala ya babu. Kwa sisi ni mtu yule yule. Kwa mashine ya uwanja wa ndege ni watu watatu. Weka karatasi zako zote juu ya meza, zisome herufi kwa herufi pamoja na tarehe ya kuzaliwa, na ukiona tofauti anza kuirekebisha miezi kabla ya safari, kwa kiapo au kwa Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii. Usichague tarehe ya uongo ili upate umri unaoutaka. Uongo wa siku moja kwenye cheti utakulazimisha kuurudia kila fomu utakayojaza umri wako wote.

Tiketi nayo iandikwe kama pasipoti ilivyo. Majina yetu ni la mtu, la baba na la babu. Angalia pasipoti imeweka lipi kama jina la mwisho, na uliandike hilo hilo mahali pa jina la ukoo kwenye tiketi. Mkatishaji tiketi asikisie.

Mwenye pasipoti ya zamani aangalie siku inayokwisha. Nchi nyingi, Oman ikiwemo, zinataka iwe na muda usiopungua miezi 6 mbele.

Viza: unachosema ndicho unachokwendea

Mtanzania anahitaji viza kuingia Oman. Siku hizi huombwa kwa mtandao wa Polisi ya Oman, na kwa anayetembelea jamaa, mara nyingi jamaa aliyeko kule ndiye anayeanza maombi kwa kutumia vitambulisho vyake. Hapa Unguja upo ubalozi mdogo wa Oman, na kule Muscat upo ubalozi wa Tanzania. Anwani na simu za ubalozi wetu ziandike kwenye karatasi kabla ya kuondoka.

Sehemu yenye mtihani kwa Muislamu ni ile inayouliza sababu ya safari. Viza ya matembezi hairuhusu kufanya kazi. Wako wanaoambiwa na madalali, "Wewe sema unatembea tu, kazi utaipata huko huko." Hapo mtu anakuwa amesema uongo kwenye maandishi, amevunja sharti alilolikubali kwa saini yake, na amejitia mikononi mwa yule atakayemwajiri, kwani hawezi kumshitaki bila ya kujishitaki mwenyewe. Allaah Ametuamrisha mwanzoni mwa Suratul-Maaidah tutimize mikataba, na Waislamu hufungwa na masharti yao. Viza ni mkataba: umeruhusiwa kuingia kwa jambo hili, kwa siku hizi. Siku zikipita, faini huhesabiwa kila siku, na anayelipa mara nyingi ni ami aliyekukaribisha.

Anayekwenda kwa kazi, aende kwa viza ya kazi na mkataba aliousoma kwa lugha anayoielewa. Nakala moja ibaki kwa wazazi.

Kadi ya njano na dawa za begini

Chanjo ya homa ya manjano huingia kwenye kadi ya njano ya kimataifa. Kadi huanza kukubalika siku 10 baada ya kuchanjwa, na tangu Julai 2016 inatambuliwa kwa umri wote wa mtu. Nchi nyingi huitaka kutoka kwa wanaotokea upande wetu wa Afrika. Usichanjwe siku mbili kabla ya ndege ukadhani umemaliza, wala usinunue kadi bila ya sindano. Kadi ya kununua ni ushahidi wa uongo, na inahusu afya za watu.

Dawa ni mlango ambao watu wema wengi wameingilia matatani. Dawa zinazopatikana kwetu kwa urahisi, kama tramadol, zenye kodini (pamoja na baadhi ya dawa za maji za kikohozi) na diazepam, katika nchi za Ghuba zimo kwenye orodha ya dawa zinazodhibitiwa. Anayezihitaji kweli achukue cheti cha daktari chenye jina lake, jina la dawa na kipimo, aulize mapema kama anahitaji kibali, na dawa ikae kwenye pakiti yake. Asiyezihitaji asizibebe kabisa.

Unga na mizizi isiyo na lebo, hata ikiwa ni dawa ya Sunnah, humpa afisa haki ya kukushuku. Khashkhash ya mapishi, ambayo ni mbegu ya mpopi, imepigwa marufuku katika baadhi ya nchi za Ghuba. Hali kadhalika tambuu na tumbaku ya kutafuna. Mirungi ni dawa ya kulevya hapa na kule. Na hirizi aliyofungiwa mtu "kwa ajili ya safari" ina balaa mbili: ni katika mambo yanayogusa Tawhiyd, na baadhi ya nchi hizo huihesabu kuwa chombo cha uchawi. Kinga ya msafiri ni nyiradi na du'aa, nazo hazipiti kwenye mashine.

Unachobeba kikiwa chako

Zawadi za visiwani zinapendwa sana Oman, maana nyumba nyingi kule zina watu waliozaliwa Unguja na Pemba au wanaozungumza Kiswahili chetu. Halua, kashata na viungo vilivyofungwa vizuri na vyenye lebo havina taabu kubwa. Lakini angalia haya:

- *Karafuu.* Biashara ya karafuu za Zanzibar iko mikononi mwa Shirika la Biashara la Taifa (ZSTC), na kuzitoa kinyume cha utaratibu ni magendo. Ukitaka za zawadi, nunua pakiti ya dukani na uhifadhi risiti. Usitie gunia la shambani begini ukasema ni zetu wenyewe.
- *Gamba la kasa, pembe za ndovu na matumbawe.* Viumbe hivi vinalindwa kwa mkataba wa kimataifa. Pambo la zamani la bibi linaweza kukamatwa sawa na jipya.
- *Matunda mabichi, mbegu na miche.* Hivi huhitaji cheti cha afya ya mimea. Shokishoki wachache hawastahiki usumbufu huo.
- *Mafuta ya kunukia, samli na vimiminika vyengine.* Kwenye mkoba wa mkononi kila chupa isizidi mililita 100. Vikubwa viende kwenye begi la chini, vimefungwa vizuri.
- *Betri ya akiba ya simu.* Hii ni kinyume chake: ikae mkononi, haikubaliwi kwenye begi la chini.

Fedha taslimu nazo zina sheria. Anayetoka au kuingia Tanzania na fedha zenye thamani ya dola 10,000 za Kimarekani au zaidi anatakiwa kuziandikisha kwa forodha. Oman inataka aandikishe anayefikisha rial 6,000, na rial 1 ni karibu dola 2.60. Kuandikisha si kukatazwa. Ni kusema ukweli tu kwamba unazo. Kijana wetu pengine hana hata dola 500, lakini anaweza kuombwa na mfanyabiashara ambebee "vibunda viwili". Hapo tunaingia kwenye jambo lenyewe.

Amana za watu: wakati wa kufungua ni kabla ya kusema ndiyo

Wengi wetu tumelelewa kuwa kukataa kumbebea mtu mzigo ni ubaya, na kwamba kuufungua ni kumvunjia heshima. Tuangalie fuqahaa wamesemaje.

Katika mlango wa wadiy'ah, yaani amana ya kuhifadhi, wanazuoni wa Kishaafi'iy wamepambanua watu. Mwenye uwezo na anayejiamini, inapendeza kwake kupokea amana ya nduguye. Mwenye uwezo lakini hana uhakika na nafsi yake, ni makruhu. Asiyeweza kuihifadhi, ni haramu kwake kuipokea. Sasa pima: kijana ambaye hajapata kuvuka bahari, asiyejua sheria ya kule, aliyepewa bahasha ambayo hajui kilichomo wala atakayeipokea, yuko kundi gani? Hawezi kuihifadhi, kwa sababu hajui hata anachokihifadhi. Kukataa kwake si ubaya. Ni kutii hukumu.

Jambo la pili ni zito zaidi. Fuqahaa hao hao wamekataza kuvunja lakiri ya amana iliyofungwa bila ya idhini ya mwenyewe, na aliyeivunja hubeba dhamana yake. Maana yake, ukishasema "nimepokea" na kifurushi kimefungwa, umejifungia mlango: ukikifungua umekosea amana, na usipokifungua umejitia hatarini. Kwa hiyo sharti liwekwe kabla. Sema mbele ya mwenyewe: "Nitakibeba kwa sharti tukifungue pamoja, na nikifunge mimi." Aliye na halua atacheka na kufungua. Aliye na jengine atakumbuka kuwa ana mtu mwengine wa kumpa.

Tunasisitiza kwa sababu ya hatari iliyopo. Nchi za Ghuba zina adhabu kali sana kwa dawa za kulevya, miaka mingi ya jela, na katika baadhi yake hata kifo. Mlinzi wa sheria haulizi nani alikupa. Anauliza begi hili ni la nani. Neno "nilipewa tu, sikujua" hulisema mkweli na mwongo kwa sauti moja.

Utaratibu unaofaa ni huu:

1. Pokea kwa unayemjua yeye na anayempelekea, wote wawili.
2. Fungueni pamoja, toa kila kitu, hata kisanduku cha kanga, chini ya halua na ndani ya viatu vipya.
3. Andika kwenye daftari: nini, cha nani, kwa nani, namba za simu.
4. Usipokee kabisa dawa, bahasha zilizofungwa, vyombo vya umeme vilivyofunguliwa, wala fedha za mtu usizoweza kuzieleza.
5. Funga begi mwenyewe, na baada ya hapo lisikae mbali na macho yako. Uwanjani usilinde begi la mtu wala usimwachie mtu lako.

Na hapa wazazi wana kazi yao. Kijana ana haya mbele ya bibi wa jirani, na haya ni katika iymaan. Basi baba au mama abebe lawama kwa niaba yake: "Mwanangu hajabobea na safari, tumemkataza kubeba chochote safari hii. Tusamehe." Neno hilo moja, likisemwa barazani siku tatu kabla, linaweza kuwa zawadi kubwa kuliko tiketi.

Siku ya safari, na Swala zake

Fika uwanja wa ndege saa tatu kabla. Pasipoti, tiketi ya kwenda na kurudi, karatasi ya viza, kadi ya njano na anwani ya mwenyeji viwe kwenye mfuko mmoja wa mkononi, vimechapishwa, kwani simu huzima chaji. Nakala moja ya kila kitu ibaki nyumbani. Afisa wa Uhamiaji akikuuliza unakwenda kwa nani, siku ngapi na nani anakugharamia, jibu kwa ufupi na kwa ukweli. Usikasirike: maswali hayo ndiyo yaliyowanusuru baadhi ya vijana wetu, hasa mabinti, kuuzwa na madalali. Fomu usiyoielewa omba usomewe, usitie saini kwa kukisia.

Kuhusu Swala, kijana wetu anatoka Chake Chake kwenda mbali zaidi ya masafa ya qaswr, ambayo kwa Mashaafi'iy ni kilomita 80 na kitu. Akishavuka majumba ya mji wake anaruhusiwa kupunguza Swala za rakaa nne ziwe mbili, na kukusanya Adhuhuri na Alasiri, na Magharibi na Ishaa. Akilala Unguja usiku mmoja au miwili akisubiri ndege, bado ni msafiri. Mkaazi wa mjini Unguja ambaye bado hajatoka mjini kwake aswali kamili. Alfajiri haipunguzwi wala haikusanywi, kwa hiyo angalia saa ya ndege isije ikakupita angani. Ikiwa huna budi kuswali ndani ya ndege, jitahidi kusimama na kuelekea Qibla. Ukishindwa, swali kadiri ya uwezo wako kwa kuheshimu wakati, na kwa Mashaafi'iy utairudia ukishuka.

Akifika Muscat na nia yake ni kukaa wiki tatu, ruhusa ya safari kwa madhehebu yetu inakwisha, kwani mwenye kunuia siku nne kamili, bila ya kuhesabu ya kuingia na ya kutoka, anakuwa mkaazi. Atawakuta ndugu Maibadhi wanaoendelea kupunguza muda mrefu zaidi kwa ijtihaad ya wanazuoni wao. Asibishane nao. Akiswali nyuma ya imamu msafiri anayepunguza, imamu akitoa salamu yeye asimame akamilishe. Na asisahau kuwa saa ya Oman iko mbele ya yetu kwa saa moja.

Kufika na kurudi

Baada ya kugongewa muhuri na kuchukua begi, utakuta njia mbili za forodha: ya kijani kwa asiye na cha kueleza, na nyekundu kwa mwenye nacho. Kupita kijani ni kauli, ingawa hujafungua mdomo. Ukiwa na shaka, nenda nyekundu na uulize. Anayeuliza huelekezwa, na anayefichuliwa hushitakiwa. Baada ya hapo mpigie mama yako kabla hujampigia mtu mwengine yeyote.

Wakati wa kurudi, kishawishi ni ushuru. Vitu vya matumizi yako na zawadi huruhusiwa kwa kiwango maalumu. Ukizidisha, au ukileta simu kumi za kuuza, zina ushuru. Wako wanaosema, "Kodi yenyewe ina maneno, basi nikidanganya si kitu." Wanazuoni wamezungumza sana kuhusu kodi, zipi za haki na zipi za dhulma, lakini mjadala huo haumfungulii mtu mlango wa risiti ya kughushi, kiapo cha uongo au kumpa afisa kitu mkononi. Hifadhi risiti za kweli, uliza kiwango kabla hujanunua, na mifuko ya plastiki iache huko huko, imepigwa marufuku kwetu.

Neno la mwisho kwa familia

Tunapomuaga msafiri tunamuwekesha kwa Allaah dini yake, amana yake na mwisho wa amali zake, kama ilivyothibiti katika Sunnah. Tuitafakari du'aa hiyo. Tunamuombea amana yake ihifadhike, kisha sisi wenyewe ndio tunaomrundikia vifurushi asivyovijua. Tukipenda du'aa yetu iwe na maana, tumtoe nyumbani akiwa na begi jepesi analolijua mpaka chini, jina moja kwenye karatasi zote, na sababu ya safari anayoweza kuieleza popote bila ya kugeuza macho.

Tunamuomba Allaah Awahifadhi wasafiri wetu, Awarudishe salama kwa wazazi wao, na Atujaalie katika wenye kuchunga amana. Aamiyn.

Na Allaah Anajua zaidi.